Damu yetu inaenda wapi? Namna labo za Congo na za ngambo zinavyofanya kazi pamoja

Kila mara ugonjwa mukali unapoingia katika muji, iko siku gari itasimama kando ya njia, kijana atashuka na kisanduku cha baridi mukononi, na mbele hajafungua kifuniko, swali litakuwa limekwisha kumufikia: «Hii damu yetu munaipeleka wapi?» Mama muuza ndizi analiuliza. Mutu wa moto analiuliza. Wakati mwingine hata infirmiye wa santre ya afya analiuliza, lakini kwa sauti ya chini, sababu yeye pia hajaambiwa.

Wakati wa Ebola ya mwaka 2018 hadi 2020, kule Mangina, Beni, Butembo na Katwa, swali hilo lilikuwa na ndugu zake wengi. Juu ya nini wageni wanakuja na magari mengi hivi kwa ugonjwa huu mumoja, na malaria inayoua watoto wetu kila mwaka hawaioni? Juu ya nini watu wanachinjwa Beni tangu mwaka 2014 na hatujaona ndege zikishuka haraka namna hii? Na uchaguzi wa Desemba 2018 ulipoahirishwa Beni na Butembo, Ebola ikitajwa kuwa moja ya sababu, wengi walikata shauri: hii ni biashara. Jina «Ebola business» lilienea mitaani, na mpaka leo bado unalisikia.

Hatuandiki hapa kwa kumulazimisha mutu aamini. Tunataka kueleza kazi yenyewe: nani anashirikiana na nani, damu inapita wapi, inajibu swali gani, na faida inaangukia mukononi mwa nani. Kwa kueleza vizuri inabidi turudi nyuma, mpaka ku termosi moja.

Termosi ya mwaka 1976

Mwezi wa Septemba 1976, huko Yambuku, katika jimbo la Équateur la wakati ule, watu walikuwa wanakufa na homa ambayo hakuna aliyeijua. Kinshasa ilimutuma munganga kijana, Jean-Jacques Muyembe, aliyekuwa amesomea virusi kule Ubelgiji. Alichukua damu ya wagonjwa kwa mikono mitupu, bila glavu. Kisha alirudi Kinshasa pamoja na mutawa mumoja wa Kibelgiji aliyekuwa mugonjwa, na damu ya mutawa huyo ikatiwa katika termosi, ikapanda ndege mpaka Anvers, ku taasisi ya magonjwa ya inchi za joto. Kutoka pale sampuli zilifika pia Uingereza na Atlanta, Marekani. Ni huko ngambo walikotamka kwamba ni virusi mpya. Wakaipa jina la muto Ebola. Wagonjwa 318 walihesabiwa, na 280 kati yao walikufa.

Angalia njia ya damu hiyo: Yambuku, Kinshasa, Anvers, Atlanta. Jibu nalo lilirudi kwa njia ndefu vilevile, wakati watu wanazika. Na kwa miaka mingi wale waliosifiwa kwa kuvumbua Ebola walikuwa watu wa labo za Ulaya na Marekani. Mukongomani aliyegusa damu kwa mikono yake alitajwa chini kabisa, ao hakutajwa. Hatusemi wale wengine hawakufanya kazi. Waliifanya. Lakini ndivyo ushirikiano ulivyokuwa: Congo inatoa damu, ngambo inatoa jina.

Zaidi ya miaka 40 kisha, wakati wa Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, Muyembe alikuwa mukubwa wa INRB, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba na Biolojia yenye makao Kinshasa. Alitoa uamuzi ambao haukupendeza kila mutu: sampuli za damu za ugonjwa ule zitabaki Congo. Anayetaka kuzisoma, avuke bahari aje azisomee INRB. Kwa hiyo kwa Ebola ile, jibu la swali la mama muuza ndizi lilianza kubadilika. Labo zilifunguliwa karibu na wagonjwa, Beni, Mangina, Butembo, Goma, na matokeo yakawa yanatoka siku ileile ao kesho yake.

Damu ya Kikwit, dawa ya Beni

Iko hadithi moja ambayo tungependa ijulikane zaidi huku kwetu, sababu inaonyesha damu ya mutu inaweza kufika wapi.

Mwaka 1995 Ebola ilipiga Kikwit. Muyembe na wenzake walichukua damu ya watu waliopona, wakaiongeza kwa wagonjwa 8. Wagonjwa 7 wakapona. Wataalamu wa inje walitikisa kichwa: nani anajua kama wale 7 hawangepona hata bila damu ile? Swali lao lilikuwa na maana, hata kama liliudhi. Bila kulinganisha kundi moja na lingine, huwezi kujua kilichoponya ni nini.

Lakini wazo halikufa. Zaidi ya miaka kumi kisha, mutu mumoja aliyepona Kikwit alitoa damu tena. Wataalamu wa NIH, zile taasisi za afya za serikali ya Marekani, walitafuta ndani ya damu yake wale askari wa mwili ambao bado walikumbuka namna ya kupigana na Ebola. Wakachagua mumoja mwenye nguvu, wakajifunza kumutengeneza kwa wingi. Dawa hiyo ikaitwa mAb114. Leo jina lake la biashara ni Ebanga. Imetoka katika mwili wa Mukongomani wa Kikwit.

Ilipofika mwaka 2018, dawa nne zilikuwa mezani: ZMapp, ambayo ndiyo ilikuwa na sifa zaidi wakati ule, remdesivir, mAb114, na nyingine iitwayo REGN-EB3. Hakuna aliyejua kwa hakika ipi inaokoa. Tarehe 20 Novemba 2018 jaribio lilianzishwa katika vituo vya matunzo vya Kivu ya Kaskazini, na likapewa jina la Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha, kwa kifupi PALM. INRB na NIH waliliongoza pamoja, Shirika la Afya Duniani, OMS, likasaidia kupanga, na vituo vyenyewe vilikuwa mikononi mwa ALIMA, Madaktari Wasio na Mipaka (MSF), International Medical Corps na wizara ya afya. Majina mengi, ndiyo. Lakini kila mumoja alikuwa na kipande chake: mwenye kulaza wagonjwa si yule mwenye kuhesabu matokeo, na mwenye kutengeneza dawa hakuruhusiwa kuchagua nani apewe.

Kuchagua kulifanyika sawa tombola. Mugonjwa akikubali, ao mzazi wake akikubali kwa niaba yake, bahati njo iliamua apate dawa gani kati ya zile nne. Maneno haya yanaumiza masikio: maisha ya mutu na tombola wapi na wapi? Ila fikiri kidogo. Kama munganga angechagua mwenyewe, angewapa wale wenye hali mbaya dawa anayoipenda, na mwishoni tusingejua kama wamekufa juu ya dawa ao juu ya kuchelewa. Hakuna aliyeachwa bila dawa, na wote walipewa maji ya mishipani, chakula na matunzo yaleyale.

Mwezi wa Agosti 2019 kamati ya inje iliyokuwa inaangalia hesabu ilisema musimame, jibu limekwisha kuonekana. Kati ya wagonjwa 100 waliopewa ZMapp, karibu 50 walikufa. Kwa remdesivir, 53. Kwa mAb114, 35. Kwa REGN-EB3, 33 ao 34. Dawa iliyokuwa na sifa kubwa ilishindwa na ile ya damu ya Kikwit. (Remdesivir wasomaji wataikumbuka: mwaka uliofuata ilipata jina tena, wakati wa Covid.)

Kuna hesabu nyingine ndani ya jaribio lile ambayo kwetu ni ya maana kuliko ya kwanza. Kwa wale waliofika virusi vikiwa bado vichache mwilini, mbili zile dawa nzuri zilifanya vifo vishuke mpaka karibu 10 ao 11 kwa kila 100. Na kila siku moja ya kukaa nyumbani na homa iliongeza hatari ya kufa. Maana yake dawa peke yake ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kipimo: kujua mapema nani ana nini.

Mbele tuende huko, tusiruke jambo moja lisilopendeza. Dawa hizo mbili zilipata kibali Marekani mwaka 2020, na OMS ilizipendekeza mwaka 2022. Zinatengenezwa na kampuni za Marekani, Regeneron na Ridgeback. MSF imelalamika hadharani kwamba sehemu kubwa ya akiba imewekwa kwa ajili ya usalama wa Marekani wenyewe, na kwamba inchi ambamo Ebola inatokea hazina uhakika wa kuipata. Damu ilikaa Congo, sawa. Kiwanda hakiko Congo. Mutu anayeuliza «faida ni ya nani?» hakosi adabu.

Mashine haioni kila kitu

Katika hospitali nyingi za kwetu kuna mashine ya rangi ya kijivu, ukubwa wake kama mashine ya kahawa ya hoteli, inaitwa GeneXpert. Wengi waliijua kwa ajili ya kifua kikuu. Infirmiye anatia makohozi katika kijisanduku cha plastiki kinachoitwa kartushi, anaifunga, anaisukuma ndani, na kisha karibu saa mbili mashine inasema kama kuna kifua kikuu, na kama kinasikia dawa ya rifampisini ao hakisikii. OMS iliipendekeza mwaka 2010. Mbele ya hapo, kujua kama kifua kikuu ni sugu kulichukua majuma mengi, na sampuli ilisafiri mbali.

Ndani ya kartushi kinachofanyika ni sawa fotokopi. Virusi ao mikrobi ina maandiko yake ya ndani, lakini kwa tone moja la damu maandiko hayo ni machache sana, hayaonekani. Mashine inatafuta musitari fulani uliochaguliwa mbele, inaupiga fotokopi mara nyingi sana, mpaka uonekane. Hii njo inaitwa PCR. Uzuri wake ni kwamba yote inafanyika ndani ya plastiki iliyofungwa, njo maana wakati wa Ebola kartushi za Ebola ziliweza kutumiwa karibu na vituo vya matunzo, pasipo jengo kubwa la labo.

Sasa sikiliza ubaya wake. Mashine inatafuta musitari ule tu uliouambia itafute. Kartushi ya Ebola inaona Ebola ya aina ya Zaïre, ile ya Yambuku, Kikwit na Beni. Lakini Ebola ina ndugu. Mwaka 2012, Isiro, katika Haut-Uélé, ugonjwa uliozuka ulikuwa wa aina nyingine, Bundibugyo. Kartushi ya aina ya Zaïre ukiiuliza juu ya Bundibugyo itakujibu: hakuna kitu. Na haitakuwa imedanganya. Umeiuliza swali lingine.

Jambo kama hilo lilitokea Kamituga, kule Kivu ya Kusini, muji wa wachimbaji wa zahabu. Mpox si mugeni Congo. Mutoto wa kwanza kujulikana duniani aliupata Basankusu mwaka 1970. Lakini tangu Septemba 2023 waganga wa Kamituga waliona kitu tofauti: watu wazima wengi, vidonda sehemu za siri, ugonjwa unaopita kutoka mutu hadi mutu, mara nyingi kwa njia ya ngono. Sampuli zilitumwa INRB, na pale wataalamu wa Congo pamoja na wenzao wa inje waliyasoma maandiko yote ya virusi, herufi kwa herufi. Wakakuta tawi jipya, leo linaitwa Ib. Na wakakuta kipande kimoja cha maandiko hakiko. Kipande hicho kilikuwa ndicho musitari uleule ambao kipimo maarufu cha PCR kilitafuta ili kuitambua mpox ya aina ya kwanza. Kwa hiyo kipimo hicho kingeangalia mugonjwa wa Kamituga na kusema si aina ya kwanza, wakati ndiyo.

Kama sampuli za Kamituga zingekaa katika friji moja miaka miwili zikingoja ndege, vipimo vingeendelea kukosea. Habari ilitoka, vipimo vikarekebishwa, na tarehe 13 Agosti 2024 Africa CDC, shirika la Umoja wa Afrika la kuzuia magonjwa lenye makao Addis Ababa, lilitangaza hatari ya afya kwa bara zima. Kesho yake OMS ikatangaza kwa dunia. Mwanzo wa yote ulikuwa waganga wa muji wenye njia mbovu, walioona kitu na wakajua pa kukituma.

Bei nayo iko na neno lake. Kartushi ya kifua kikuu iliuzwa kwa inchi maskini dola 9,98 kwa miaka mingi. Mashirika ya wagonjwa na MSF walipiga kelele kwamba dola 5 zinatosha na kampuni bado itapata faida. Mwezi wa Septemba 2023 bei ilishuka mpaka dola 7,97. Kwa mutu wa Kinshasa ao Geneva, dola mbili si kitu. Kwa zone ya afya inayohesabu kartushi moja moja, na inayopima tu wale wanaokohoa damu sababu hazitoshi kwa wote, ni tofauti kubwa.

Ukoo wa virusi

Kusoma maandiko yote ya virusi kuna faida nyingine ambayo watu wa Butembo waliigusa kwa mikono. Februari 2021, miezi saba hivi kisha Ebola kutangazwa kwisha, mama mumoja wa upande wa Biena alikufa nayo. Muji ukajaa maneno. Imetoka porini? Imeletwa? Kuna mutu anatutafuta?

INRB walisoma maandiko ya virusi vile na kuyalinganisha na yale ya 2018 hadi 2020 waliyokuwa nayo. Virusi navyo vina ukoo. Kila vinapozaana vinakosea herufi moja moja, na makosa hayo yanarithiwa, sawa kovu ambalo lingepita kutoka baba hadi mutoto. Ukilinganisha makosa, unajua nani ni mutoto wa nani. Walikuta hii ya 2021 ni ya ukoo uleule wa ugonjwa uliopita. Haikutoka upya porini. Ilikuwa imejificha katika mwili wa mutu aliyepona. Kwa wanaume waliopona, Ebola inaweza kukaa muda mrefu katika mbegu za kiume, na njo maana wanafuatiliwa na kupimwa bure kwa miezi mingi.

Habari hiyo ina makali pande mbili. Ilisaidia kujua pa kutafuta, na ugonjwa ule ulikwisha Mei 2021 na watu 12 tu, 6 kati yao wakafa. Lakini pia ingeweza kuwafanya jirani wawakimbie waliopona, watu waliokwisha teseka vya kutosha. Hapa labo haina mashine ya kusaidia. Inahitajika namna ya kusema, na sisi watu wa redio tulijifunza kwa kukosea: mwanzoni tulisema sana «virusi vilivyojificha», na kidogo sana kwamba aliyepona anaweza kula, kulala na kufanya kazi na sisi bila shida.

Dawa iliyoshindwa Tunda

Jina la Pamoja Tulinde Maisha halikuishia Beni. INRB na NIH walilitumia tena kwa mpox, katika hospitali mbili: Tunda, jimbo la Maniema, na Kole, jimbo la Sankuru. Wagonjwa 597 walikubali kuingia. Nusu walipewa dawa iitwayo tecovirimat, nusu walipewa vidonge vinavyofanana navyo ambavyo havina dawa ndani, na wote walilazwa na kutunzwa.

Agosti 2024, siku moja kisha tangazo la OMS, matokeo yalitoka: tecovirimat haikuharakisha kupona vidonda kwa mpox ya aina hii ya Congo. Dawa ambayo inchi tajiri zilikuwa zimeweka akiba yake.

Mutu anaweza kusema basi wamepoteza feza. Hapana. Katika hospitali hizo mbili, vifo kwa jumla vilikuwa 1,7 kwa kila 100, waliopewa dawa na wasiopewa. Kwa wagonjwa wa mpox wa Congo kwa jumla vilikuwa 3,6 ao zaidi. Kilichowasaidia, kwa namna tunavyoona, ni kulazwa, kuoshwa vidonda, maji, chakula, na kutibiwa magonjwa mengine kama malaria. Vitu ambavyo hospitali yoyote ya zone ingefanya kama ingepewa sabuni, chakula na mushahara wa wafanyakazi. Jaribio lililotoa jibu la hapana limetuonyesha pa kuweka feza. Sijui kama wenye feza wamesikia.

Umeme ukikatika

Kisha Ebola ile kubwa, Goma ilipata labo ya INRB iliyojengwa kwa msaada wa Fondation Mérieux ya Ufaransa. Ilikuwa na maana ya kufupisha njia: sampuli za Kivu zisipande tena ndege mpaka Kinshasa kila mara. Kinshasa nayo ilikuwa imepata majengo mapya ya INRB mwaka 2020 kwa msaada wa Japani.

Mwisho wa Januari 2025 vita vilipoingia Goma, Kamati ya Kimataifa ya Musalaba Mwekundu, CICR, iliomba hadharani labo hiyo ilindwe, sababu ndani mulikuwa sampuli za magonjwa, pamoja na Ebola, na umeme ulikuwa unakatika. Siku hizo hizo uwanja wa ndege ulifungwa, na wagonjwa wengi wa mpox walikimbia vituo vya matunzo bila mutu kujua wamefikia wapi. Mwezi uleule Marekani ilisimamisha misaada yake ya ngambo, na sehemu ya feza hiyo ilikuwa inalipa mambo madogo ambayo hakuna anayeyaandika ku bango: mafuta ya moto, barafu, posho ya mutu anayebeba kisanduku kutoka kijiji hadi labo.

Hapo njo unaona ushirikiano unasimama juu ya nini. Jengo lipo, mashine ipo, wataalamu wamesoma. Lakini sampuli isipopata mutu wa kuibeba haifiki. Kama kila kitu kinalipwa na feza ya inchi moja, siku inchi hiyo ikibadilisha mawazo, kisanduku kinabaki chini ya meza ya santre, na barafu inayeyuka.

Mutu akija na sindano

Turudi kwa yule kijana mwenye kisanduku. Mambo mawili hayafanani, na wengi wanayachanganya.

La kwanza ni damu ya matunzo na ya kufuatilia ugonjwa. Una homa, wanakupima ili wakutibu na walinde jirani zako. Hapa huulizwi kutia sahihi ku karatasi ndefu, lakini una haki ya kujua wanapima nini na kupewa jibu.

La pili ni damu ya utafiti. Hapa ni lazima uulizwe, kwa lugha unayoisikia, na jambo lenyewe liwe limepita mbele ya kamati ya maadili. Lile la Beni lilipita mbele ya kamati ya Chuo Kikuu cha Kinshasa na ya Marekani pia. Una haki ya kukataa na bado utibiwe. Una haki ya kukubali leo na kutoka kesho. Uliza damu itapimwa hapa ao itasafiri, itawekwa miaka mingapi, na kama wataitumia kwa jambo lingine ambalo hawajakuambia. Uliza wewe utajibiwa na nani. Mutafiti mwema hatakasirika, amefundishwa kuyajibu. Akikasirika, muite chef wa mutaa ao infirmiye mukubwa wa santre, muyasome maandiko pamoja.

Na omba namba. Kila chupa inaandikwa namba badala ya jina, kwa kulinda siri yako, na bila namba hiyo hakuna wa kuitafuta sampuli yako kati ya maelfu. Mimi niliwahi kutoa damu kwa utafiti mumoja, miaka imepita. Walikuwa watu wa heshima, waliniambia jibu litatoka kisha juma mbili. Nilirudi mara mbili. Mara ya tatu nilikuta wamekwisha hama, na infirmiye aliyebaki aliniuliza namba yangu. Ilikuwa imeandikwa ku chupa tu.